Uji wa Watoto Themanini na Wanne

Nyeri,
10 Aprili 1967

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kukubusu mkono. Nimefika Nyeri salama, leo siku ya nne. Mji uko juu sana, na asubuhi ukisema neno unaona moshi ukikutoka kinywani. Mlima wenyewe sijauona bado kwa sababu ya mawingu, lakini kila mtu ananihakikishia upo.

Umoja wa Mama wa Nasari wamenipokea vizuri. Mwenyekiti wao, Mama Wakonyo, amenikabidhi idara ya lishe. Nasari yao ni shule ya watoto wadogo; wapo themanini na wanne, ambao mama zao wanashinda mashambani, na lazima wale mara mbili kwa siku. Mimi ndiye ninayesimamia jambo hilo. Si kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anayepata nafasi kama hii katika likizo yake.

Nimepata chumba mtaa wa Majengo kwa fundi cherehani mmoja, mtu wa msikitini. Usiwe na wasiwasi juu ya baridi. Nisalimie wenzako wote wa hotelini.

Mwanao mtiifu,
Shariff Mbarak


Nyeri,
10 Aprili 1967

Dada Saumu,

Barua hii isome peke yako, kisha uifiche mahali ambapo hata shemeji Athman hafiki.

Baba nimemwandikia kwamba nimekabidhiwa idara ya lishe. Idara yenyewe ni banda la mabati, mafiga matatu, na sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Dada, mimi ndiye mpishi.

Kosa ni langu. Nilipoandika barua ya kuomba nafasi nilitaka nionekane nimetoka kwa watu, nikaongeza kwamba baba yangu ni mpishi mkuu katika hoteli kubwa ya Mombasa. Mama Wakonyo aliisoma barua ile mbele ya kamati nzima. Mpishi wao alikuwa ameolewa Endarasha mwezi wa Machi, na tangu hapo akina mama walikuwa wakipokezana jikoni huku kahawa ikiwasubiri shambani. Nilipoingia tu, mama yule akanishika mikono yote miwili: "Wewe ni mtoto ya mpishi mkubwa. Mungu ametukumbuka." Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikacheka tu, kama mtu anayekubali.

Siku ya kwanza nilichemsha maji, nikamwaga unga wote kwa pamoja, nikakoroga kwa nguvu zangu zote. Yalitoka madonge makubwa kama mayai ya bata, nje yameiva, ndani unga mkavu. Watoto waliyatoa vikombeni wakawa wanayahesabu kuona nani anayo mengi. Mwalimu wao, msichana anayeitwa Waithira, alinijia na kikombe chake akaniuliza kwa upole kabisa, "Bwana Shariff, hii uji tunakunywa ama tunatafuna?"

Baba asijue. Unakumbuka siku niliyokwenda chuoni alivyonishika bega pale stesheni: "Nimesimama jikoni ili wewe ukae mezani." Hakusema jingine. Sasa nimwambie nini? Fundi ninayekaa kwake ni mjane, anakula hotelini, hata chai hajui kupika. Wewe ulilelewa jikoni. Nifundishe uji kwanza. Mengine tutayaona.

Nduguyo katika moshi,
Shariff


Mombasa,
16 Aprili 1967

Mdogo wangu Shariff,

Nimecheka mpaka Athman akadhani nimepata habari ya harusi. Nikamwambia mchwa wameingia katika kabati la jirani. Usiniulize nilivyofikia jibu hilo.

Sasa sikiliza, na usome mara mbili. Unga haukutani na maji ya moto ukiwa mkavu. Weka unga katika beseni, tia maji baridi kidogo kidogo, uvuruge kwa mkono mpaka uwe laini kama maziwa mazito, usisikie chembe. Sufuria ikichemka, mimina taratibu kwa mkono mmoja, mwingine ukoroge, na usikoroge kwa kuzungusha tu, upitishe mwiko chini katikati, maana ukoko huanzia katikati. Ukishika chini, usikwangue. Hamishia uji wa juu katika chombo kingine, ule wa chini uache na aibu yake. Na mpishi haondoki penye sufuria hata akiitwa na gavana.

Watu wengi wanakosea mwiko. Mwiko wa sufuria hiyo uwe mrefu kama kasia, mkono wako uwe mbali na mvuke. Mtafute seremala.

Baba hajambo. Anaenda na kurudi kazini kama kawaida. Barua yako ya idara ya lishe ameisoma barazani mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyemwomba.

Dada yako,
Saumu


Nyeri,
24 Aprili 1967

Dada Saumu,

Uji umekubali. Seremala wa hapa amenichongea mwiko wa mti wa mkaratusi, na ninaposimama nao mlangoni naonekana kama askari wa zamu. Asubuhi ya kwanza ya uji laini watoto waliutazama kwa mashaka, wakatafuta madonge, hawakuyaona, na wawili walilia kwa kunyimwa mchezo wao. Kisha wakanywa. Waithira alirudisha sufuria tupu bila kusema neno, nami nikaelewa kwamba nimesifiwa.

Sikujua kama unaweza kusema maneno kama yale ya gavana. Ndoa imekukomaza.

Mimi na watu wa hapa Kiswahili kinatupa kazi. Wao wananiambia nasema kama redio. Jana nilimwomba mama mmoja aniletee kuni zilizokauka barabara, akaniletea kuni kutoka barabarani, na kwa kweli zilikuwa kavu. Mvua hainyamazi. Udongo ni mwekundu, unapanda na mtu mpaka kitandani.

Sasa shida ya pili. Mchana watoto hula mahindi na maharagwe. Mpaka sasa Mama Wakonyo amekuwa akiyapika kwake alfajiri, nasi tunapasha moto tu. Lakini msimu wa kuchuma umeanza, na kuanzia juma lijalo sufuria ni yangu. Maharagwe ni makavu, anayanunua sokoni Karatina, mekundu na makubwa. Niambie saa ngapi, maji kiasi gani, chumvi lini. Usiniache.

Shariff


Mombasa,
29 Aprili 1967

Mwanangu Shariff,

Nakuombea heri. Nimefurahi kwamba unasimamia watu. Mtu akikusikiliza usimpandishie sauti, na akikosea mwite kando. Mimi nimeonywa mbele ya wageni mara nyingi, najua inavyouma.

Hapa hatujambo. Hotelini wageni ni wengi msimu huu, kazi haiishi.

Dada yako ameanza kupenda mapishi. Jambo hilo limenishangaza kwa sababu tangu utoto alikuwa anaunguza hata maji. Ananiuliza maswali ya ajabu. Mwanzoni aliniuliza uji wa watu themanini. Nikamwuliza kama Athman ameoa wake wengine. Akasema anataka tu kujua. Juzi ameniuliza maharagwe ya watu themanini. Nimemweleza: yaroweke usiku kucha, asubuhi maji yale uyamwage, saa mbili na nusu kwa moto wa wastani, chumvi mwishoni. Ameandika yote katika daftari. Pengine anataka kufungua hoteli na anaogopa kumwambia mumewe. Kama amekuambia lolote, nijulishe.

Vaa sweta.

Baba yako,
Mbarak bin Faraj


Nyeri,
6 Mei 1967

Dada Saumu,

Leo sina utani.

Nilifuata barua yako neno kwa neno. Niliyaroweka, nikayamwaga maji, nikayapika saa mbili na nusu kwa saa ya mkononi. Hayakuiva. Niliongeza nusu saa nyingine. Watoto walikuwa wamekwisha kuketi wanagonga vikombe, mvua inapiga mabati, hakuna anayemsikia mwenzake. Nilionja moja, likawa gumu kidogo katikati. Nikajiambia, kidogo tu. Nikagawa.

Saa tisa matumbo yakaanza. Hakuna aliyeumia vibaya, nashukuru, lakini walitapika wengi, na mama zao waliporudi kutoka shambani walikuta mistari ya watoto wanaolia. Kesho yake watoto ishirini na wawili hawakuletwa. Siku ya pili, thelathini.

Baba ameniandikia. Dada, ananiambia umemwuliza yeye. Kwa nini hukuniambia? Na sasa anadhani unafungua hoteli.

Lakini hilo silo linaloninyima raha. Jana Mama Wakonyo alikuja jikoni akaketi juu ya gogo la kuni. Si mtu wa kuketi. Nyuma ya jengo letu kuna bonde refu lililopandwa magimbi, wao huyaita nduma, majani mapana, nilidhani ni mfereji wa shamba. Akanionyesha kwa kidole.

"Unaona hiyo? Ni handaki. Wakati ya Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, tulifungiwa hapa, kijiji yote, na sisi wanawake ndio tulichimba. Asubuhi mpaka jioni. Watoto walibaki ndani peke yao. Mimi nilikuwa na msichana ya miaka tatu. Alikuwa anangoja nirudi nimpikie." Akavunja kijiti cha kuni. "Siku moja nikarudi, hangoji tena."

Nilisogeza kuni motoni.

"Ndio maana nasari iko hapa, sio mahali ingine," akasema. "Mama akienda kazi, mtoto asingoje. Ni hiyo tu. Sasa wewe niambie ukweli. Hii kazi unajua ama hujui?"

Na mimi, Dada, nikasema kuni zilikuwa na maji.

Aliinuka akaenda zake. Kesho kutwa kuna mkutano wa mama wote. Sijalala vizuri tangu jana.

Shariff


Mombasa,
11 Mei 1967

Mdogo wangu,

Nakuandikia haraka, ingawa mkutano wako utakuwa umekwisha pita.

Nilimwuliza Baba kwa sababu mimi najua kupika kwa watu watatu tu, na wawili kati yao hulalamika. Hilo la kwanza. La pili, niliendelea kumwuliza hata nilipoweza kumwuliza mtu mwingine, na sababu yake nilikuficha. Baba hayuko hotelini. Walimwambia mwezi wa Februari kwamba amezeeka, wakampa saa ya mezani na barua ya shukrani. Alitukataza tusikwambie mpaka umalize mitihani, na baada ya mitihani akatukataza tena. Kila asubuhi alikuwa anavaa, anatoka, anakwenda kuketi ufukweni mpaka saa ya watu kurudi. Chakula hali. Maneno mawili kwa siku.

Nilipomwuliza uji wa watu themanini, akainua kichwa. Akaniuliza sufuria ya chuma au ya bati, kuni au makaa. Akaomba kalamu. Shariff, alizungumza usiku ule mpaka Athman akasinzia kwenye kiti. Ndiyo sababu nilitaka uniulize zaidi na zaidi. Nilitaka hata uniulize keki.

Sasa amejua. Nilimwambia kwamba maharagwe yamekataa kuiva hata baada ya saa tatu. Nilisema ni jikoni kwangu. Akasema, "Saumu, maharagwe ya Mombasa hayafanyi hivyo. Nilipika Nanyuki miaka miwili kabla ya vita vikuu. Maharagwe ya mlimani ndiyo yanayofanya hivyo." Akanyoosha mkono apewe barua. Sikuwa na la kufanya. Nimempa zote.

Alizisoma pale pale, akazikunja, akavaa kofia akatoka. Mpaka naandika hajasema kitu. Mwandikie wewe mwenyewe.

Saumu


Nyeri,
15 Mei 1967

Baba yangu,

Nakuamkia, na ninakuomba msamaha. Sitaandika kwa mapambo.

Hakuna idara. Kuna jiko, na mimi ndiye ninayepika. Nilitumia jina la kazi yako ili niheshimiwe, kisha nikakuficha kwamba naifanya kazi hiyo hiyo. Nimelifikiria jambo hili siku nyingi, na kila nikiligeuza naona sura yangu tu, nayo haipendezi.

Barua ya Saumu ilinikuta baada ya mkutano. Kwa hiyo niliyoyasema mkutanoni niliyasema bila kujua kwamba wewe unajua. Walikuja mama kama sitini, wengine na vikapu vya kahawa mgongoni. Mama Wakonyo aliwauliza kama watoto waendelee kuja au nasari ifungwe mpaka apatikane mpishi. Kabla hawajajibu nilisimama. Niliwaambia kwamba baba yangu ni mpishi kweli, lakini mimi nimefundishwa kukaa mezani tu, na kwamba kabla ya Aprili sikuwahi kupika hata yai. Niliwaambia maharagwe niliyaonja, nikajua ni magumu, nikawapa watoto wao. Nikasema kama wananitaka nifagie au nichote maji, nitafanya mpaka likizo iishe.

Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza, "Hata yai?" Nikasema hata yai. Yule mama akaanza kucheka, wakacheka wote, na Waithira alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Mama Wakonyo peke yake hakucheka. Akaniambia, "Sasa ndio umeanza kazi. Kesho njoo saa kumi na moja, nikufundishe vile mimi najua. Lakini uji ni yako, hiyo iko sawa." Watoto wengi wamerudi, si wote.

Saumu ameniambia ya hotelini. Najua hukutaka nijue. Basi tumefichana sote wawili, na wewe ulikuwa na sababu nzuri kuliko yangu.

Mwanao,
Shariff


Mombasa,
22 Mei 1967

Shariff,

Nimeisoma barua yako.

Nilikaa siku nne bila kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Kwanza nilidhani ni yako. Baadaye nikaona nimekasirika kwa vile umewaambia watu sitini kwamba nilikufundisha kukaa mezani tu. Ni kweli. Ningekufundisha hata yai. Niliogopa ukijua utapenda.

Sasa maharagwe. Huko juu maji huchemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Unayaona yanatokota, kumbe hayana nguvu. Kwa hiyo uyaroweke tangu mchana wa jana yake. Uanze moto saa kumi na moja alfajiri kwa chakula cha saa sita, usipunguze. Kifuniko kizito, na juu yake jiwe, mvuke usitoke ovyo. Mahindi yatangulie, maharagwe yafuate. Chumvi mwishoni kabisa. Na usiulize saa, uliza haragwe. Chukua matano kutoka pande tano za sufuria, uyaminye kwa ulimi na kaakaa. Hata moja likikataa, watoto wangoje, uwape uji mwingine.

Lakini mambo haya hayaandikiki yote. Mkono lazima uonekane. Nitapanda gari moshi la Ijumaa ya tarehe mbili. Mwambie Mama Wakonyo kwamba mgeni anakuja na visu vyake.

Baba yako,
Mbarak bin Faraj


Nyeri,
9 Juni 1967

Dada Saumu,

Baba alifika Jumapili akiwa amevaa makoti mawili, na mkononi kifurushi cha visu alichokibeba kama mtoto mchanga. Mkono wa pili ulikuwa na kapu la nazi kumi na mbili. Nilimwuliza za nini. Akasema, "Sijui watu hawa wana nini, mimi najua nina nini."

Jumatatu alfajiri aliingia jikoni, akasimama, akatazama kila kitu bila kugusa. Niliogopa kuliko siku ya mtihani wa uchumi. Akaomba maji ya kunawa. Akanipa na mimi ninawe. Mama Wakonyo alipoingia na debe la mahindi, Baba akamwambia, "Mama, samahani, jikoni hapaingii mtu bila kunawa." Dada, mama huyu amewahi kumfukuza karani wa baraza kwa kuchelewa mkutano. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa ananawa.

Siku hiyo walipikiwa maharagwe ya nazi. Watoto walinusa kwanza. Waithira alionja akauliza, "Hii ni maziwa ya ng'ombe gani?" Baba akajibu kwa uso mkavu kwamba ni ya ng'ombe anayekaa juu ya mti. Alimwamini kwa muda mfupi, na hajamsamehe. Watoto walirudia, mara mbili.

Lakini jioni Mama Wakonyo alikuja akaketi tena juu ya gogo lile. "Mzee, chakula yako ni tamu sana. Lakini nazi hapa haimei. Ukienda, hawa watoto watalia na mimi. Tufundishe na vitu yenye tuko nayo." Baba hakupenda, nilimwona anavyokaza taya. Kisha akasema, "Basi na wewe nifundishe nduma." Wakacheka wote wawili kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo ni vita vya heshima. Mama Wakonyo anamfundisha kuponda nduma na majani ya kunde, naye Baba anamwonyesha kuunga kitunguu polepole mpaka kinyamaze. Baba hula, Dada. Anakula kwa mkono, amesimama, anabishana. Na mimi naminya maharagwe kwa ulimi. Jana nilimwambia, "Baba, moja limekataa." Akalionja lile la pembeni mwenyewe, akasema, "Limekataa. Tia kuni." Hakusema zaidi, lakini alinipa mwiko akaenda kukaa nje, akaniacha na sufuria peke yangu.

Watoto wote themanini na wanne wamerudi. Wameongezeka sita.

Shariff


Nyeri,
23 Juni 1967

Saumu binti yangu,

Nimepata barua yako na sweta. Mwambie Athman amepima vizuri.

Juzi tulikuwa na Maulidi Majengo, nikawapikia pilau. Mama Wakonyo na Waithira walialikwa, wakaja na ndizi kutoka Mukurweini, wakaketi na akina mama. Pilau iliisha kabla ya kisomo kwisha, na sijui nani alikuwa anaonja. Namshuku Shariff.

Nina jambo la kukuambia. Jana alikuja Bwana Afya wa wilaya kukagua nasari. Mtu wa makamo, tai, kalamu mbili mfukoni. Alitazama sufuria, akatazama choo, akaandika. Kisha akauliza kwa Kiingereza, mpishi ni nani. Mimi nilikuwa nimeshika kisu, aproni nimeifunga, kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Nikafungua kinywa nijibu.

Shariff alikuwa mbele yangu. Akajifuta mikono akasema, "Mpishi ni mimi, bwana. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, napika hapa. Huyu ni baba yangu. Yeye ndiye anayenifundisha."

Yule bwana akamwuliza anasoma nini. Akamwambia historia na uchumi. Akauliza kwa nini basi hayuko ofisini. Akamjibu, "Ofisini hakuna mtoto anayengoja." Bwana Afya akacheka akaomba kikombe cha uji. Alikunywa chote. Nasari imepita.

Mimi nilikuwa nimegeukia moshi. Mtu akigeukia moshi hakuna anayemwuliza macho yana nini, hiyo ndiyo faida ya kazi yetu.

Shariff anarudi chuoni tarehe mbili Julai. Hajaniambia kama ataendelea na uchumi au la, nami sitamwuliza. Atakula popote atakapoketi, na akitaka kusimama, atajua pa kushika mwiko. Mama wa hapa wameniomba nibaki niwafundishe wawili kati yao mpaka waweze kupika bila mimi. Nimekubali. Mmoja ana mkono mzuri, mwingine anapenda kuongea kuliko kukoroga, lakini atajirekebisha. Fundi amenipa chumba cha Shariff. Mlima nimeuona asubuhi ya leo kwa mara ya kwanza tangu nije, mweupe juu, kama umepakuliwa wali.

Kwa hiyo msinitazamie mwezi ujao. Kanzu zangu zitie juani, na ile saa ya mezani mpe Athman kama ataitaka. Majirani wakikuuliza niko wapi, waambie niko Nyeri, napika. Usiongeze neno la kupamba.

Baba yako,
Mbarak bin Faraj